Jiwe Jeusi Lenye Unga wa Kahawia

Kaka yangu alikuwaga na mwandiko mkubwa. Pale karashani kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kuandika kwa mkaa majina ya wenye mawe kwenye viroba vyao, na herufi zake zilikuwa zinajaa kiroba kizima. Jina likiwa refu linazunguka na kumalizikia mgongoni. Wachimbaji walikuwa wanamtania.

“We fundi, hicho ni kiroba au bango la mkutano?”

“Naandika hivyo ili hata atakayekuibia ajue anamwibia nani.”

Kwa hiyo siku nilipoona yale majina yamekuwa madogo, yamejipanga pembeni ya kiroba kama sisimizi, nilicheka. Nilidhani ni utani mpya. Nikamwambia, “Leo unabania mkaa, kaka?” Akaniangalia bila kucheka, akasema ameandika kama siku zote. Mimi nikaendelea kukoroga uji wangu. Asubuhi ile nimeirudia kichwani mara nyingi, na kila nikiirudia nakuta bado nimesimama pale pale na mwiko, nacheka.

Kwa asiyejua, karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Ni pipa la chuma linalozungushwa na injini ya dizeli, na ndani yake kuna gololi kubwa kama machungwa. Unamwaga mawe yaliyopondwa, unafunga, linanguruma hadi mawe yanakuwa laini kama sembe. Ukilifungua, vumbi linatoka lote kwa pamoja, na anayelifungua ndiye anayelivuta. Mfunguaji alikuwa kaka. Mdomoni alikuwa anafunga kipande cha khanga yangu ya zamani. Mimi nilikuwa mama lishe wa pale pale, kibanda changu kiko upande ambao upepo hauji. Karasha lilikuwa kando ya barabara ya vumbi upande wa Butiama, ukienda mbele kidogo unakutana na mashamba ya watu wa Buswahili. Wiki nzima tulikuwa tunalala huko. Jumamosi tunarudi Bweri, pembeni ya mji wa Musoma, ambako kaka alikuwa amejenga vyumba viwili. Sakafu aliipiga sementi mwenyewe, kwa magoti, akailainisha hadi ukimwaga mtama unaweza kuukusanya wote bila kuacha punje. Alikuwa anajisifu kwa ile sakafu kuliko mtu aliyeoa.

Mwaka ule watu wa duara moja, yaani shimo moja la kuchimbia, walianza kuleta mawe meusi. Sikuwahi kuona mawe meusi namna ile. Yalikuwa yanang'aa kama mgongo wa mende, na ukilisogeza jiwe karibu na jicho unaona vipande vidogo vyenye ncha vimebanana, kama mapaa ya nyumba yaliyobandikwa pamoja. Kiroba kikijaa nusu tu wanakibeba wawili. Mwenye duara alikuwa anatuambia, “Humo ndimo ilimojificha. Dhahabu haipendi kukaa peke yake, inatafutaga mwenzake.” Basi yakaja, viroba kwa viroba.

Kilichonishangaza mimi ni unga. Jiwe ni jeusi tititi, lakini likisagwa unga wake unakuwa kahawia, kama kakao. Jioni kaka akivua kile kitambaa, pua zake zilikuwa na duara mbili za kahawia. Nilikuwa namwambia amekula keki bila kunipa.

Nililichukua jiwe moja, saizi ya yai, nikaliweka dirishani Bweri pamoja na mawe yangu mengine. Tangu mdogo naokota mawe. Shule niliishia kidato cha pili, lakini kuna jambo moja mwalimu wa sayansi alilisema likanishika hadi leo: kwamba mtu akikuta jiwe ambalo halijaandikwa popote duniani, anapata nafasi ya kulipendekezea jina. Wenzangu walikuwa wanaota harusi, mimi naota jiwe. Nilimwonyesha kaka.

“Hili nahisi halina jina.”

“Basi lipe.”

“Mpaka lipimwe kwanza.”

“Wewe lipe tu, dada. Likikataa litasema.”

Alivyosema hivyo alicheka, na kicheko kikaendelea kupita mahali ambapo kingekoma. Uso ulikuwa umetulia kabisa, haucheki, lakini sauti inacheka. Nikasubiri kiishe. Kilipoisha akafuta machozi akaniuliza, “Nimecheka nini?”

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Uso wake ulianza kuganda. Ukimsalimia anakuitikia vizuri, lakini ni kama anakuitikia kutoka nyuma ya mlango. Halafu ukaja mwendo. Alianza kunyanyua visigino, anatembelea vidole, kifua mbele, mikono haichezi. Pale karashani wakafurahi.

“Jogoo huyo!”

“Fundi siku hizi anaringa, ardhi haimfai tena.”

“Muulizeni kama amepata mchumba Mwanza!”

Naye alikuwa anawanyanyulia mkono tu. Lakini siku moja alikuwa anavuta toroli kwa nyuma, hatua ya pili akaanguka chali kama gunia, na toroli likamwagika juu ya miguu yake. Siku hiyo hakuna aliyesema jogoo. Nikampigia mama.

Mama yuko Mugeta, kule Bunda, nyumbani kwetu, kwenye pamba na ng'ombe. Akasema mlete. Tulipofika, shangazi alikuwa tayari amekaa uani. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na katika ukoo wetu yeye ndiye anayejua majina: nani wa wafu amesharudi kwa mjukuu yupi, na nani bado anazunguka hana mahali pa kukaa. Mtoto akilialia ovyo anaitwa shangazi, anataja majina ya waliotangulia mpaka mtoto anyamaze. Hata mtu mzima akiugua ugonjwa usioeleweka anaitwa. Mama ni mtu wa kanisa, tena wa kwaya, lakini kwa habari ya majina anasemaga kwamba hata Mungu anaita watu kwa majina, sasa ubaya uko wapi.

Shangazi hakumsalimia kaka. Alimwambia, “Tembea hadi kwenye zizi, urudi.” Kaka akaenda kwa vidole, akarudi kwa vidole. Shangazi akashika kifua.

“Mama wa watoto, unaona?”

Mama akaanza kulia.

Mimi sikuona kitu, mpaka waliponieleza. Babu yetu mzaa baba alikanyagwa na fahali kisigino akiwa kijana, akatembelea vidole hadi siku anazikwa. Sisi wajukuu hatukumkuta. Na kati ya wajukuu wote hakuna aliyepewa jina lake, kwa sababu kila aliyezaliwa alikuwa anapewa la mwingine. Shangazi akasema, “Huu mwendo si wa huyu mtoto. Huu ni wa baba yangu. Amechoka kungoja.”

Nywele zilinisimama. Na sisemi leo kwamba nilikuwa mjinga. Mtu yeyote mwenye babu wa namna hiyo angesimamwa na nywele.

Alichinjwa mbuzi. Kaka akavikwa kidoleni pete ya ngozi ya mbuzi huyo, ikiwa bado mbichi. Shangazi akachukua maji yenye unga wa ulezi kwenye kibuyu, akawa anamnyunyizia na kutaja wafu wetu mmoja mmoja, polepole, na kila jina anasubiri. Kaka kakaa na uso wake ule. Alipotajwa babu, kaka akacheka. Kile kicheko. Kikaenda, kikaenda, watu wakapiga vigelegele, mama akapiga magoti. Shangazi akasema, “Amejiitikia mwenyewe.” Nami nilipiga kigelegele, kirefu kuliko cha mtu yeyote.

Tangu siku hiyo akaitwa kwa jina la babu, na wadogo wakawa wanamwamkia shikamoo. Jina lake la kwanza likabaki halina mtu.

Akakaa Mugeta miezi miwili. Alikuwa analisha ng'ombe akisaidiana na jirani, anakaa kwenye mpaka wa shamba la pamba, analala mapema. Na akapata nafuu. Hili silitungi, lilionekana kwa macho. Kicheko kikapungua hadi kikawa kinakuja kwa sababu. Akachonga mpini wa jembe. Siku moja nilikwenda kumtazama nikakuta ameandika jina lake jipya kwenye ukuta wa ghala, kwa mkaa, kwa herufi ambazo ungeweza kuzisoma ukiwa barabarani. Hazikuwa kubwa kama zamani, lakini hazikuwa sisimizi. Nilicheza peke yangu pale ghalani.

Sasa nifike mahali ambapo huwa naparuka nikisimulia watu.

Bosi wa karasha alikuwa ameshapata fundi mwingine. Mama alitaka kaka abaki hadi pamba ivunwe. Kaka mwenyewe alikuwa hasemi kitu, ukimwambia hiki au kile anaitikia tu kwa kichwa. Ni mimi. Mimi ndiye niliyempigia bosi simu nikamwambia amepona, tumeshajua kilichokuwa kinamsumbua, kimeisha. Bosi akasema, “Dada, mimi nina mtu hapa.” Nikambembeleza. Nikamwambia hakuna anayelijua lile pipa kama kaka. Nikampigia tena kesho yake, na kesho kutwa. Nilikuwa nataka tukae kama zamani: yeye na viroba vyake, mimi na uji wangu, Jumamosi Bweri tuangalie sakafu. Bosi akachoka akasema mlete. Nikaenda Mugeta mwenyewe, nikamfungia nguo zake, nikamshika mkono hadi kituoni. Kile kipande cha khanga nilikuwa nimekifua, nikakipiga pasi.

Mawe meusi yalikuwa bado yanakuja.

Haikuchukua muda mrefu. Herufi zilirudi kuwa sisimizi, halafu zikawa kama mayai ya sisimizi, halafu wenye viroba wakaanza kujiandikia wenyewe. Visigino vikapanda. Alikuwa anaweza kusimama mlangoni pa kibanda changu dakika nzima, mguu umekataa kuvuka kizingiti, na ukimsukuma kidogo anaanguka nyuma. Mchimbaji mmoja akamtania, “Mzee karudi na maringo yake,” wenzake wakamwambia nyamaza. Nilimpigia shangazi. Akasema labda babu ana jambo jingine analotaka. Sauti yake haikuwa na uhakika. Hapo ndipo nikampeleka hospitali, Musoma mjini.

Daktari alikuwa kijana, anaongea kwa upole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Akamwambia kaka atembee mbele, akatembea. Akamwambia atembee kinyumenyume, akaangukia mikononi mwake. Akampa kalamu aandike sentensi yoyote. Kaka akaandika muda mrefu, na alipomaliza daktari akachukua ile karatasi akaipeleka dirishani kwenye mwanga.

“Mgonjwa anaitwa nani?”

Nikataja la babu. Halafu nikataja na la kwanza. Akaandika yote mawili, akaniuliza kazi yake.

“Anasaga mawe.”

“Mawe gani?”

“Meusi.”

“Dada yangu, hata mkaa ni mweusi. Mawe gani?”

 Miaka yote ile naokota mawe, naota kuyapa majina, na hili nililoliweka dirishani sikujua linaitwaje. Daktari akasema ana wazo, ila hawezi kuandika wazo kwenye faili. Akasema kaka asikanyage tena kwenye mashine, hata siku moja, na mimi nikatafute hilo jiwe linaitwaje na limeundwa na nini.

Nikalichukua lile la dirishani. Mjini kuna mzee mtaalamu wa mawe, amestaafu, ana chumba chake cha kupimia. Niliingia nikamwamkia, kabla sijakaa akainua mkono.

“Marahaba. Usiniambie ni dhahabu. Kila anayeingia humu ameshika dhahabu.”

“Sijui ni nini, mzee. Ndiyo maana nimekuja.”

“Hilo ni jibu jipya. Kaa.”

Akalipima uzito juu ya mizani, kisha akalifunga uzi akalining'iniza ndani ya maji akalipima tena, akapiga hesabu, akatoa midomo nje. Akasema ni zito kuliko jiwe la kawaida karibu mara mbili. Akajaribu kulikwaruza kwa msumari, msumari ukashindwa. Akalikwaruzia kioo cha chupa, kioo kikapata alama kidogo. Akachukua kigae cha bafuni, akakigeuza upande wa nyuma usio na rangi.

“Sasa sikiliza. Rangi ya jiwe inadanganya. Jiwe linavaa nguo kama mtu. Ukitaka kulijua, angalia unga wake. Hapa tunalichora tuone.”

“Unga wake naujua,” nikasema. “Ni kahawia.”

Akachora. Mstari ukatoka kahawia iliyoiva. Akaniangalia juu ya miwani.

“Umejuaje?”

“Ndio uliokuwa puani mwa kaka yangu.”

Mzee akaweka kigae chini. Hakutania tena siku ile. Akanisikiliza yote, akavunja kipande kidogo, akasema atakituma Dodoma kwa mtu wake mwenye mashine ya kusoma mawe kwa mionzi, kwa sababu kuna mawe meusi kama kumi yanayofanana na yeye hataki kubahatisha. “Ila hili,” akasema, “sijawahi kuliona likitoka huku kwetu. Linaweza kuwa kitu cha nadra.”

Na mimi nilivyo, neno hilo moja nikatoka nalo kama zawadi. Kaka yuko Bweri hawezi kufunga kifungo, na mimi narudi kwa bodaboda natabasamu kwenye upepo. Zile wiki za kusubiri, nikimlisha, nikimvalisha, nilikuwa napanga. Likikutwa halina jina nitaomba lipewe jina la kaka. Lile la kwanza, lililobaki bila mtu. Nilikuwa naona ni haki: babu amepata lake, na la kaka lisipotee. Niliwaza namna litakavyoandikwa kwenye vitabu vya shule, na watoto wa Mugeta wataambiwa lilitoka kwetu. Sikumwambia. Nilitaka iwe habari njema.

Mzee aliponiita alikuwa na karatasi moja.

“Lina jina tayari. Kaa chini.”

Akanisomea polepole. Hetaerolaiti. Akasema ni manganisi na zinki zimeshikana na hewa ya oksijeni, hakuna kingine. Liligunduliwa zamani sana, kabla babu yangu hajazaliwa, kwenye mgodi wa zinki huko Marekani. Nikamuuliza kwa nini walilipa jina gumu vile. Akasema ni neno la Kigiriki, maana yake rafiki, mwenzi wa kuambatana naye, kwa sababu waliolikuta walilikuta limekaa na jiwe jingine jeusi, limelishikilia. Hawakulikuta peke yake.

“Jina zuri,” nikasema.

“Ndiyo. Wakati mwingine wanatoaga majina mazuri.” Akakunja karatasi. “Na nikuambie jambo, binti. Ardhini ni nadra. Lakini betri ya tochi ikiisha, ukiivunja, ndani yake mna kitu hiki hiki. Zinki ya kopo inakutana na ule weusi wa ndani, vinazeeka pamoja, vinakuwa hivi. Watu wanatupa jalalani kila siku.”

Nikakumbuka ubao wa shule yetu ya msingi Mugeta. Ukipauka, mwalimu alikuwa anatuambia tulete betri mbovu. Tunavunja, tunatwanga ule weusi na majani ya maboga, tunapaka ubao unakuwa mweusi, chaki inaonekana vizuri. Wa kwanza kujitolea kutwanga alikuwa kaka. Alikuwa anarudi nyumbani mweusi hadi kope, mama anamkimbiza na ndoo ya maji, sisi tunacheka. Kwenye ubao ule ndipo alipojifunza zile herufi kubwa.

Sikulia kwa mzee. Nilichukua karatasi nikaenda hospitali kwa miguu.

Daktari aliisoma mara mbili. Akanieleza kwamba manganisi mwilini tunayo kidogo, tunaila hata kwenye mtama, haina shida. Lakini ikiingia kwa pumzi, kila siku, kama vumbi, inapanda kichwani na kukaa pale panapoendesha mwendo na mkono na uso. Mtu anaanza kucheka bila sababu. Anatembea kama jogoo. Akasema hivyo hivyo, kama jogoo, wala mimi nilikuwa sijamwambia.

“Sasa itatoka?”

“Inaweza kupungua. Ila ilichokwisha kuharibu hakioti tena.”

“Na kama angewahishwa mapema?”

Naye akaniuliza, “Kuna kipindi alikaa mbali na vumbi?”

“Miezi miwili. Nyumbani.”

“Aliendeleaje?”

 Nilikuwa naona ukuta wa ghala na zile herufi unazoweza kuzisoma ukiwa barabarani. Nilikuwa naona pasi ikipita juu ya kile kitambaa. Daktari akanipa maji ya kunywa, akaniambia hakuna aliyejua. Ni kweli. Lakini simu tatu kwa bosi nilizipiga mimi.

Nilikwenda Mugeta kumwambia shangazi mwenyewe, si kwa simu. Nilidhani atakasirika kwamba napinga kazi yake. Alisikiliza akiwa anachambua pamba, mikono ikaacha kuchambua.

“Kwa hiyo baba yangu hakuwa anadai kitu.”

“Sijui, shangazi. Daktari anasema ni vumbi.”

“Nyie mliniuliza huu mwendo ni wa nani. Nikawaambia wa nani. Mbona hamkuniambia mtoto anavuta vumbi la mawe?” Akasukuma pamba pembeni. “Ningemwambia akae hapa. Hata babu yake angemwambia akae hapa.”

“Tumvue hilo jina?”

“Jina si shati.” Akarudi kwenye pamba yake. Halafu akasema, “Lakini na kwa lile la kwanza mwiteni. Asije akasahau kugeuka akiitwa.”

Karashani pia nilienda. Fundi mpya ni kijana wa Buswahili, ana meno mazuri, pua zake kahawia. Nilimwonyesha karatasi. Akajaribu kulitamka lile jina mara tatu, likamshinda, akacheka, akaniambia, “Dada, hili linaua hata kwa kutamkwa.” Bosi akaja akasema niache kumtisha mtu wake, na kwamba mawe yale yako mbioni kuisha. Nikaokota mkaa. Kwenye ukuta wa mabati, mbele ya pipa, nikaandika LOWESHA MAWE KWANZA, kwa herufi kubwa, kubwa kama za kaka za zamani, neno la mwisho likazunguka kona. Bosi aliniangalia hadi nikamaliza. Yule kijana akaniuliza wakilowesha vumbi litaacha kuruka? Nikamwambia litapungua. Sijui kama wanalowesha. Kibanda changu nilikihamishia Bweri, nauza uji na maandazi kwa mafundi wa nyumba mpya.

Kaka yuko ndani. Asubuhi anaamka vizuri, anakaa kitandani, anataka kuja nje. Anasimama. Miguu inakataa. Anabaki katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata, kwenye ile sakafu yake nzuri isiyo hata na ufa. Hospitali walinifundisha kwamba mguu wa namna hiyo, ukiwekewa mstari mbele yake, unaweza kuuvuka. Sakafu tupu unaikataa, mstari unaukubali. Wakaniambia nichore kwa chaki, hatua kwa hatua, kutoka kitandani hadi mlangoni.

Nikachora kwa chaki. Tukafurahi. Asubuhi ya kwanza alifika mlangoni, akashika fremu, akaangalia barabara. Lakini chaki inafutika. Kufika jioni mistari imeenda na nyayo, na kesho yake nikiwa kwenye maandazi anasimama tena pale katikati, ananiita kwa sauti yake ndogo, “Dada, njia imeisha.”

Lile jiwe lilikuwa limerudi dirishani, limepungua kona moja. Nililiangalia siku nyingi kabla sijaligusa. Halafu nikachota maji kwenye bakuli, nikalilowesha vizuri, nikapiga magoti pale alipopigia yeye. Sementi ni ngumu na jiwe ni gumu, lakini ukikandamiza linaachia rangi. Nilikuwa nalichovya, nachora, nalichovya. Mistari kumi na mmoja. Nikaifuta kwa kitambaa kibichi mpaka unga wote uliolegea ukatoka, na mistari ikabaki ndani ya sementi, kahawia. Bakuli nikalimwaga shimo la choo.

Kaka alikuwa ananitazama kutoka kitandani muda wote. Nikamwita kwa jina la babu, nikamwita na kwa lile la kwanza. Akasimama. Akaangalia chini kwenye mstari wa kwanza kwa muda mrefu, na najua aliijua ile rangi.

Akaanza kucheka. Uso umetulia, sauti inacheka, na sikuweza kujua ni kicheko cha ugonjwa au ni chake mwenyewe. Nikasubiri. Kilipoisha akanyanyua mguu, akauvuka.